Timberborn: nimeicheza tangu ikiwa nusunusu na bado ipo kwenye kompyuta yangu

Gemu za kujenga miji ndo ugonjwa wangu wa miaka mingi, na zile za dunia iliyokwisha haribika ndo nazipenda zaidi, yani unaanza na watu wachache, kamto kamoja na magofu pembeni, alafu baada ya masaa kadhaa unaangalia jiji zima lina taa, lina mashamba, watoto wanazaliwa. Hiyo raha sijaipata kwenye gemu za aina nyingine. Kwa hiyo riviu hii itakuwa ndefu kidogo, nivumilieni.

Timberborn inatengenezwa na Mechanistry, studio huru ya Poland. Dunia imekauka, binadamu hawapo tena, wamebaki biva, wale wanyama wa mkia bapa na meno makubwa ya mbele wanaoangusha miti na kuziba mito. Sasa wao ndo warithi wa dunia. Wanatembea kwa miguu miwili, wanalima karoti na viazi, wanapanga nyumba za mbao moja juu ya nyingine, na chuma chote wanachotumia wanakitoa kwenye magofu tuliyoyaacha sisi. Ukisikia maelezo hayo tu unaweza kudhani ni gemu ya watoto. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka ukame wa tatu ukaua kijiji changu kizima na nikakaa kimya pale mbele ya skrini nikiangalia mashamba yamegeuka rangi ya vumbi na hakuna mtu wa kuyavuna.

Kiini cha gemu ni maji. Hakuna adui, hakuna jeshi linakuja usiku, hakuna majambazi. Kuna majira tu: siku za neema mto unatiririka, kisha chemchemi zinafunga na ukame unaanza, na kadiri unavyoendelea ndo ukame unavyozidi kurefuka. Mto ukikauka ardhi ya pembeni nayo inakauka, mazao yanakufa, na usipokuwa na akiba kwenye matangi biva wanakufa kwa kiu kabla hata ya njaa. Kwa hiyo unafanya kile biva wa kweli wanachofanya, unaziba mto. Unaanza na kizuizi cha mbao kinachoacha maji yamwagike juu, baadaye unapata matuta ya kuinua ukuta kadiri unavyotaka, baadaye malango ya maji unayoyapandisha na kuyashusha mwenyewe, alafu baruti ya kuchimba ardhi.

Na maji yenyewe yanajiendesha kama maji. Yanatafuta usawa, yanapita pale ulipoacha mwanya, yanarudi nyuma na kufurika nyumba kama umefunga lango ukasahau. Kuna jambo moja nililijifunza kwa kupoteza vijiji viwili na nataka mtu mpya alijue leo: maji hupotea hewani kupitia uso wake, kwa hiyo bwawa pana lenye kina kifupi linakauka haraka kuliko bwawa jembamba lenye kina kirefu hata kama maji yaliyomo ni kiasi kile kile. Ukishaelewa hilo unaacha kutanua na unaanza kuchimba, na gemu inabadilika kabisa machoni pako.

Kuna koo mbili. Folktails ni wakulima, wanaishi karibu na asili, wana vinu vya upepo na nyuki. Iron Teeth ni watu wa mashine, wanachoma magogo kuendesha injini, wanalima muhogo na kuuchachusha, na watoto wao hawazaliwi ndani ya nyumba kama wa Folktails, wanatoka kwenye vyombo maalum ambavyo lazima uvilishe maji na matunda kila wakati. Mimi ni mtu wa Iron Teeth. Idadi ya watu unaipanga mwenyewe, wakati kwa Folktails ukijenga nyumba nyingi kwa mpigo unapata watoto wengi kwa mpigo, wote wanakua pamoja, wote wanazeeka pamoja, na siku moja nusu ya wafanyakazi wako wanaondoka ndani ya muda mfupi. Wengi wanaoanza wanadhani wamepata janga kumbe ni hesabu ya nyumba walizojenga zamani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike hapa, maana gemu nzuri zipo nyingi. Timberborn iliingia Early Access ya Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, tarehe 15 Septemba 2021, yani ilianza kuuzwa ikiwa bado inajengwa, na mnunuzi anajua hivyo. Steam walifungua mlango huo mwaka 2013, na tangu hapo umeingiza vito na umeingiza takataka. Mimi mwenyewe nilishawahi kununua gemu moja ya kujenga makazi baada ya maangamizi, jina silitaji, miezi mitatu ya kwanza apdeti zilikuja, watengenezaji walikuwa wanajibu watu, wanaahidi hili na lile, alafu kimya. Mwaka mzima kimya. Ile gemu ilikuwa na wazo zuri sana na mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo nilipoichukua Timberborn niliichukua kwa mashaka, nikasema nitaipa miezi sita.

Walichofanya Mechanistry ni kitu ambacho nadhani kila mtengenezaji mdogo angetakiwa akiangalie kwa makini. Wana sehemu ambapo mchezaji anaandika ombi lake na wengine wanalipigia kura, kwa hiyo ombi moja haliandikwi mara elfu, linapanda tu. Alafu kila apdeti kubwa inapokaribia wanaiweka kwanza kwenye tawi la majaribio pale Steam, unaamua mwenyewe kuingia au kubaki kwenye toleo tulivu, na kwa wiki kadhaa wanaocheza majaribio wanasema hapa pamebana, hapa pamelegea, hiki hakieleweki, na unaona namba zinabadilika wiki hadi wiki. Nimecheza matawi hayo mara kadhaa na ushauri wangu ni usipeleke huko mji wako unaoupenda. Anza mji mpya wa majaribio. Sevu ya zamani, yani mchezo uliouhifadhi, kukutana na kanuni mpya ni kumkaribisha mgeni kwenye nyumba ambayo milango imehamishwa.

Lakini kura na tawi la majaribio ni vyombo tu, wengine pia wanavyo na bado gemu zao zinaharibika. Tofauti ninayoiona hapa ni kwamba hawa jamaa wanasikiliza kinachouma, dawa wanaichagua wao.

Mfano wangu mkubwa ni wilaya. Mwanzoni kila wilaya ilikuwa na kituo chake na mipaka yake, ukitaka kwenda mbali unafungua wilaya nyingine, na bidhaa hazivuki zenyewe, ilibidi ujenge kituo cha kutuma upande mmoja na sehemu ya kupokea upande wa pili, uunganishe njia bidhaa kwa bidhaa. Maji njia yake, magogo njia yake, karoti njia yake. Ilikuwa kazi ya karani kwa kweli, na ukikosea kidogo wilaya ya pili inakufa njaa wakati ya kwanza ghala zimejaa. Wachezaji wengi tulilalamika na nakumbuka watu waliosema wazi futeni wilaya kabisa, hatuzitaki. Wangetii hivyo hivyo, gemu ingepoteza kitu, maana ile hali ya mji wenye sehemu zinazojitegemea inaleta maamuzi mazuri. Badala yake walitoa vile vituo viwili wakaweka kivuko kimoja mpakani, na kila wilaya unaiambia tu hiki nipokee kiasi gani, hiki nisitoe. Wilaya zilibaki, ukarani uliondoka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliotaka zifutwe na nilikuwa nimekosea, nilijua kabisa ninapoumia lakini sikujua tiba.

Mfano mwingine ni maji mabaya, yaliyokuja na apdeti ya 5 mwishoni mwa 2023. Kabla ya hapo kulikuwa na tatizo ambalo wazoefu wote tulilijua, ukishajenga bwawa moja kubwa la kutosha ukame hauna tena meno. Unakuja, unapita, hata huangalii. Gemu ilikuwa inakwisha pale pale ambapo mji unaanza kupendeza. Sasa dawa rahisi ingekuwa kurefusha ukame, wazidishe siku tu. Wao wakaleta msimu wa aina nyingine ambapo chemchemi hazifungi, zinaendelea kutoa, ila zinatoa maji machafu mekundu yanayotia sumu ardhi, yanaua mazao na biva akiyagusa anaugua. Ona sasa ujanja wake: bwawa lako kubwa ambalo ndo lilikuwa kinga yako yote linageuka kuwa hatari, kwa sababu ukiacha lango wazi maji mabaya yanaingia na kuchanganyika na akiba. Ilibidi nijifunze kujenga njia ya pembeni ya kuyapitisha yale maji nje ya mji, malango ya kufunga upande mmoja na kufungua mwingine, yani usanifu mzima wa mto ulibadilika. Na hawakuyaacha kuwa adhabu tupu, yale maji ukiyakusanya unatengenezea baruti. Siku ya kwanza nilikasirika sana nikiona mashamba yangu yanakauka katikati ya mto uliojaa. Baada ya wiki moja nilikuwa siwezi kucheza bila hayo maji.

Alafu kuna habari ya mahandaki. Hili ombi ni la zamani, nadhani kila aliyewahi kuchimba kwa baruti aliliwaza, mbona siwezi kupitisha maji chini ya mlima, mbona siwezi kuacha dari juu. Nami niliipigia kura. Ikapita miaka. Watu wakaanza kusema hawasikilizi. Kumbe shida ilikuwa chini kabisa kwenye msingi, kwa sababu ardhi ya gemu ilikuwa nguzo tu zinazosimama, kila mraba una urefu wake basi, na maji vivyo hivyo, mraba mmoja tabaka moja la maji. Huwezi kuwa na maji juu, sakafu katikati, na maji mengine chini yake. Ili mahandaki yawezekane ilibidi wavunje hesabu ya maji yenyewe na kuiandika upya, na hiyo ndo ikaja apdeti ya 6 mwaka 2024, maji yanaweza kupita juu ya maji mengine, mifereji ya juu kwa juu ikawa ya kweli. Apdeti ya 7, mwaka 2025, ndo ikaleta ardhi yenyewe ya namna hiyo, mahandaki, miamba inayoning'inia, pamoja na kamba za kuvusha biva angani na mirija ya kusafiria. Ukiangalia mpangilio unaelewa kwamba ombi lilisikika mapema sana, ila halikuwa kazi ya kuongeza jengo moja kwenye menyu. Natamani watengenezaji wa gemu wangekuwa wanalieleza hili waziwazi zaidi kwa wachezaji, kwa sababu mtu akijua nyumba inavunjwa msingi atasubiri, asipojua anahama.

Apdeti ya 6 pia ndo ilifungua mlango rasmi wa modi, yani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, kupitia Steam Workshop, na ramani za wachezaji. Sitakaa sana hapo, ila kama unapenda ramani ngumu, hapo utapata za kukutosha mwaka mzima.

Mapungufu yapo na sitaki kuyaficha. Kwanza, mwishoni mwa mji bado kunakuwa na utulivu mwingi. Wameweka majengo makubwa ya maajabu ya kumalizia, ni mazuri kuyatazama, ila ukishayajenga unabaki unajiuliza sasa nini. Gemu haina hadithi, hauna sura ya kwanza na ya pili, unajitungia malengo mwenyewe, na kuna watu hilo haliwafai kabisa. Pili, biva wana majina lakini hawana tabia. Anayefanya kazi kwenye kinu na anayechota maji ni wamoja, akifa mmoja unaona namba imepungua. Kwa gemu inayohusu kuokoka baada ya maangamizi natamani ningewajua, niwe na mzee mmoja aliyeuona ukame wa kwanza. Tatu, mji ukifika biva mia kadhaa kompyuta ya wastani inaanza kuhema, kwa sababu kila mmoja anatafuta njia yake kwenye majengo yenye ghorofa na ngazi kila mahali, hiyo ni kazi ya prosesa kuliko grafiksi, kwa hiyo ukifikiri kadi kubwa ya grafiksi itakuokoa, sivyo. Mimi naiacha miji yangu kabla haijafika huko, naanza ramani nyingine.

Na mwanzo wake kwa mtu mgeni bado una kona. Mambo kama ile hesabu ya kina cha bwawa, au kwa nini watu wanazeeka pamoja, unayagundua kwa kufiwa.

Watu wananiuliza niilinganishe na nyingine, haya. Banished ya mwaka 2014, iliyotengenezwa na mtu mmoja, ndo mama wa hizi zote kwa upande wa kuhesabu kuni na chakula kabla ya baridi, na bado inachezeka. Endzone: A World Apart ya Gentlymad wa Ujerumani iliingia Early Access Aprili 2020 na kukamilika Machi 2021, hiyo ina mionzi, mvua ya sumu na ukame, na kama unataka binadamu na huzuni yake hiyo inakufaa zaidi, ila maji yake hayana uhai kama haya. Surviving the Aftermath ya Iceflake wa Finland inakupa ramani kubwa ya dunia ya kutuma watu wako nje kutafuta vitu, kitu ambacho Timberborn haina. Na kama kinachokuvutia ni huu mtindo wa kujenga pamoja na wachezaji basi mwangalie pia Eremite Games, nao wa Poland, na gemu yao Against the Storm, hao walikuwa wanatoa apdeti kila wiki mbili wakati wa ujenzi mpaka wakaikamilisha Desemba 2023. Kasi yao ilikuwa ya ajabu. Mechanistry ni wa polepole, wanakaa miezi, wanakuja na kitu kizito. Nimeona njia zote mbili zinafanya kazi na sidhani kuna moja iliyo bora, ila mchezaji ajue anaingia kwenye ipi ili asije akasusa bure.

Nimalizie upande wetu wachezaji, maana mrejesho una pande mbili na upande wetu mara nyingi tunauharibu. Nimesoma maoni mengi sana ya gemu ambazo hazijakamilika na mengi ni ya aina ya "mbovu", "rekebisheni", "ongezeni vita". Mtengenezaji atafanya nini na hayo? Siku hizi mimi nikiandika naandika nilichokuwa najaribu kufanya, kilichotokea, na nilihisi nini pale pale. Mfano: nilikuwa najaribu kujaza tangi la wilaya ya pili kabla ya ukame, nikadhani kivuko kinapeleka maji yenyewe, siku ya nne nikakuta hakuna kitu na sikuona onyo lolote. Hapo wana kitu cha kushika. Wanaweza kuona onyo halipo, au lipo ila limejificha, au neno walilotumia kwenye kitufe linapotosha. Sijawaambia wafanye nini, nimewaonyesha jeraha. Kama ni programu imezima ghafla, ambatanisha faili la sevu, sevu moja inasema kuliko maelezo ya kurasa tano. Na kama kitu kimekupendeza kiseme pia, kwa sababu kisiposemwa siku moja wanaweza kukitoa wakidhani hakuna anayekijali, nimeshaona ikitokea kwenye gemu nyingine na kilichotolewa hakikurudi.

Alama yangu ni 9 kwa 10. Ile moja niliyoizuia ni ya wale biva wasio na tabia, na nimeshaliandika ombi hilo pale kwenye kura. Saa hizi nipo kwenye ramani mpya, mtu ameniambia haiwezekani kupitisha mto mzima chini ya mlima na kuutokeza upande wa pili bila kupoteza mashamba ya katikati, nimeshachimba nusu ya handaki na ukame unaanza baada ya siku mbili, kwa hiyo naishia hapa nirudi kazini.